Klachi ya kujilegeza si dawa ya kila pikipiki

Wahenga hawakuijua pikipiki, lakini waliijua hatari ya kuteremka. Ndio waliotuachia usemi kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Aghalabu usemi huu hutumiwa kumwonya mtu anayejitosa katika jambo pasipo kujua atakavyotoka. Hata hivyo, anayetaka kumweleza kijana siri ya gia za pikipiki hatapata maneno bora kuliko hayo. Kupandisha gia hakuna taabu kubwa, na anayejifunza leo huweza kesho. Kuzishusha, hasa kwa haraka, barabara ikiwa imelowa na kona iko mbele, ndiko kunakomtenga dereva stadi na yule anayebebwa na bahati.

Nimeshawishika kuandika kuhusu suala hili kutokana na mjadala ambao umekuwa ukirejearejea miongoni mwa vijana, wakiwemo wanafunzi wangu kadhaa wa chuo kikuu ambao wana pikipiki zao. Wanaulizana iwapo inafaa kuitoa klachi ya kawaida na kutia badala yake ile inayojulikana kwa jina la "slipa". Wapo wanaoapa kuwa kifaa hicho ndicho kitakachowakinga na ajali. Wapo pia wanaokicheka na kusema ni pambo la matajiri. Maoni yangu ni kwamba kwa walio wengi humu nchini kifaa hicho hakistahili gharama yake, na kwa wachache kinastahili kila shilingi. Tatizo ni kuwa mtu hawezi kujua yumo katika kundi lipi kati ya hayo mawili iwapo hajui kifaa chenyewe kinafanya kazi gani.

Msomaji asistaajabu kumwona mwanaisimu akijitia katika mambo ya spana na grisi. Nusu ya utata huu imeletwa na neno, na maneno ndiyo kazi yangu.

Katika gereji zetu, kuanzia barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi vibanda vya mafundi katika vituo vidogo vya mashambani, kusema kwamba klachi inateleza ni kutaja ugonjwa. Dereva huzidisha mafuta, injini ikanguruma, lakini pikipiki isiongeze mwendo. Fundi akisikia hivyo hujua pa kuanzia. Huenda sahani za klachi zimelika, au springi zimechoka, au waya wa klachi umekazwa mno. Huenda pia mwenye pikipiki ametia oili ya gari iliyochanganywa na viungo vya kupunguza msuguano, ilhali klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ile ile ya injini na huutegemea msuguano huo ili ishike. Ndiyo maana oili inayofaa pikipiki za namna hiyo hubandikwa alama ya JASO MA, na kila mwenye pikipiki angefanya vyema kuitafuta alama hiyo kwenye kopo kabla ya kulipa.

Sasa mtu aliyezoea lugha hiyo ya gereji akielezwa kwamba kuna klachi inayouzwa kwa bei ghali kwa sababu inateleza, ataangua kicheko. Atashangaa ni vipi ugonjwa umegeuzwa kuwa bidhaa. Mwingine, ambaye kwake "slipa" ni ndara za kuvaa akienda kuoga, hataelewa chochote, lakini kwa kuwa jina ni la kigeni atadhani ndani yake mna maajabu. Wa kwanza anakidharau kifaa asichokijua, na wa pili anakitamani kifaa asichokijua. Neno lisiloeleweka hugeuka hirizi: huvaliwa kwa imani tu. Wenye maduka wanalijua hilo barabara.

Basi na tuitazame kazi yenyewe. Klachi ya pikipiki ya kawaida ni rundo la sahani za namna mbili zilizopangwa kwa zamu. Sahani za namna ya kwanza zimefunikwa kwa utando unaoongeza msuguano, nazo huzungushwa na injini kupitia kikapu kinachozishika kwa nje. Za namna ya pili ni za chuma kitupu, nazo zimeshikana na kitovu kilicho katikati ambacho huzungusha giaboksi. Springi huzikandamiza zote pamoja kwa kutumia sahani nzito iliyo pembeni. Zikikandamizwa, zote huzunguka kama kitu kimoja, na nguvu ya injini huenda hadi kwenye giaboksi, kwenye cheni, na hatimaye kwenye gurudumu la nyuma. Dereva akiivuta liva ya klachi, ile sahani nzito huinuliwa, rundo hulegea, na injini hutengana na gurudumu.

Hapo nimeeleza safari ya nguvu kutoka injini kwenda gurudumu. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba njia hiyo hiyo hupitika kinyume. Dereva akiachia mafuta huku pikipiki ikiwa katika mwendo, gurudumu ndilo linaloizungusha injini. Injini nayo hukataa kuzungushwa, kwa kuwa pistoni zake zina msuguano na hewa imezuiwa kuingia kwa wingi. Ukataaji huo huipunguzia pikipiki kasi, na ndio tunaouita breki ya injini.

Tuchukue mfano ambao mwalimu wa hesabu anaweza kuuandika ubaoni. Pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 1,000 kwa dakika. Ikiwa mzingo wa tairi la nyuma ni mita 2, gurudumu hilo linazunguka mara 500 kwa dakika. Tuseme katika gia ya tatu injini huzunguka mara 10 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na katika gia ya pili mara 14. Basi kwa kasi hiyo hiyo ya kilomita 60, injini inapaswa kuzunguka mara 5,000 kwa dakika katika gia ya tatu na mara 7,000 katika gia ya pili.

Sasa dereva wetu anakaribia kona. Anaachia mafuta, anavuta klachi, na injini inashuka hadi, tuseme, mizunguko 4,000. Anaingiza gia ya pili na kuiachia klachi kwa ghafla. Injini iliyo kwenye 4,000 inatakiwa ifike 7,000 kufumba na kufumbua. Nguvu ya kuipandisha itatoka wapi? Haitatoka kwenye petroli, kwani mafuta yameachiwa. Itatoka kwenye gurudumu la nyuma, nalo gurudumu halina pa kuikopa isipokuwa kwenye mshiko wake na barabara.

Mshiko huo una kikomo, na wakati huo huo kikomo chenyewe kimepungua. Pikipiki inapofunga breki ya mbele, uzito hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma huwa jepesi. Likiwa jepesi, tairi hushika kidogo. Deni la injini likizidi uwezo wa tairi kulilipa, gurudumu huanza kuburuzika au kurukaruka juu ya lami kama mpira. Upande wa nyuma wa pikipiki hupepesuka. Yote haya hutokea wakati dereva anapohitaji utulivu kuliko wakati mwingine wowote, yaani anapojiandaa kulala ndani ya kona.

Hiki ndicho kitendawili ambacho klachi hii ilibuniwa kukitegua. Kati ya kitovu na sahani nzito ya kukandamiza, watengenezaji hutia vijilima vidogo vya chuma vilivyochongwa kwa mshazari, vikielekeana. Injini inapoliendesha gurudumu, vijilima hutulia mahali pake na klachi hushika kama kawaida. Gurudumu linapoiendesha injini kwa nguvu iliyopita kiasi fulani, vijilima hupandana, na kwa kupandana huko huisukuma sahani nzito mbali na rundo. Ukandamizaji hupungua, sahani huteleza kidogo, na injini hupandishwa kasi polepole badala ya kupandishwa kwa mshtuko. Deni ni lile lile, lakini sasa gurudumu linaruhusiwa kulilipa kwa awamu. Nguvu ile ya kinyume ikipungua, springi huirudisha sahani mahali pake, na yote haya hutendeka bila dereva kugusa chochote.

Kwa hivyo, kuteleza ni matokeo tu. Kiini cha kifaa ni kwamba klachi hujipunguzia yenyewe ukandamizaji. Kiswahili kina kiambishi kinachoeleza jambo hilo kwa silabi moja, nacho ni -ji-. Ninapendekeza tukiite kifaa hiki klachi ya kujilegeza. Jina hilo litamwambia mwanafunzi jinsi chombo kinavyotenda kazi, na halitachanganywa na ugonjwa wa klachi wala na ndara za bafuni.

Asili ya kifaa hiki ni katika viwanja vya mashindano. Injini za mipigo miwili zilizotawala mbio za pikipiki kwa miaka mingi zilikuwa na breki ndogo sana ya injini, na waendeshaji hawakusumbuliwa mno na jambo hili. Kampuni ya Honda ilipoamua kuingia mashindano ya dunia kwa injini ya mipigo minne, yaani NR500 iliyoshindana kwa mara ya kwanza Silverstone, Uingereza, mwaka 1979, breki ya injini ilikuwa moja ya shida zilizopaswa kutatuliwa, na klachi ya kupunguza nguvu ya kinyume ikawa sehemu ya jibu. Kufikia mwaka 1983 Honda ilikuwa ikiwauzia raia pikipiki ya VF750F yenye klachi ya lengo hilo hilo, ingawa muundo wake wa ndani haukuwa sawa na huu wa vijilima nilioueleza. Mwaka 2002, kanuni za mashindano ya MotoGP ziliporuhusu injini za mipigo minne zenye ujazo wa hadi cc 990, haja ya kifaa hiki ikawa dhahiri kwa kila timu.

Tangu hapo kimekuwa kikiteremka ngazi kwa ngazi hadi kwa watu wa kawaida. Kawasaki Ninja 300 ya mwaka 2013 ilitoka kiwandani ikiwa nacho. Bajaj Dominar 400, iliyoanza kuuzwa nchini India mwishoni mwa mwaka 2016, inacho. Hata Yamaha R15 ya toleo la tatu, yenye injini ya cc 155 pekee, iliingia soko la India mwaka 2018 ikiwa nacho. Katika nyingi za pikipiki hizi ndogo, vijilima hufanya kazi ya pili. Injini inapovuta, huzibana sahani zaidi, na kwa sababu hiyo kiwanda huweza kutumia springi laini. Dereva huona liva ya klachi imekuwa nyepesi. Kwa mtu anayekaa katika msongamano wa magari wa Nairobi saa nzima huku akivuta na kuachia liva, wepesi huo si jambo dogo.

Kutokana na maelezo haya, tunaweza kulijibu swali letu bila ushabiki. Mtu anayenunua pikipiki mpya na kukuta klachi hii imo ndani, na aipokee kwa shukrani. Mtu anayeshiriki mashindano, au mwenye pikipiki kubwa ya silinda moja au mbili yenye breki kali ya injini, ambaye hushusha gia kadhaa kwa mfululizo akiwa katika kasi kubwa, ana sababu nzuri ya kuinunua. Kosa dogo la mkono wake linaweza kumtupa chini, na kifaa hiki humsamehe makosa ya aina hiyo.

Je, mhudumu wa bodaboda? Pikipiki zilizotapakaa katika barabara zetu aghalabu ni za injini ya cc 100 hadi 150, za mwendo wa wastani, zikibeba abiria mmoja au wawili na wakati mwingine gunia la viazi. Injini ndogo ina breki ndogo, na abiria aliyeketi nyuma huongeza uzito juu ya gurudumu la nyuma. Ni nadra kwa gurudumu hilo kuburuzwa na injini kwenye lami kavu. Ni kweli kwamba kwenye tope la Machi na Aprili hata nguvu ndogo yaweza kutosha kuliburuza, lakini huko tiba ni kuiachia klachi taratibu, na taratibu haina bei. Huyu akishauriwa atumie fedha zake kwa klachi ya mashindano atakuwa amepotoshwa.

Linalobaki ni kundi la katikati, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kwa sababu wanafunzi wetu wamo humo. Ni vijana walionunua pikipiki za michezo zilizotumika, za cc 200 hadi 400 au zaidi, zisizo na kifaa hiki. Klachi za kujilegeza zinazotengenezwa na kampuni maalumu za Ulaya na Marekani kwa ajili ya kubadilishwa huuzwa kwa mamia ya dola, na baadhi hupita dola 1,000. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, dola 1,000 ni zaidi ya Sh100,000. Hapo bado hujalipa usafiri, ushuru, na fundi wa kuifungua injini na kuifunga tena pasipo kuharibu kitu. Fedha hizo zaweza kununua pikipiki nzima ya bodaboda iliyotumika.

Wapo watakaoniambia kwamba uhai hauna bei. Nakubaliana nao, lakini fedha zina kikomo, na shilingi iliyotumika hapa haiwezi kutumika pale. Kijana mwenye tairi kipara anayenunua klachi ya dola 1,000 amenunua kifaa cha kuulinda mshiko ambao hana. Kama nilivyoeleza, kazi yote ya klachi hii ni kuhakikisha kwamba deni la injini halizidi uwezo wa tairi. Tairi jipya zuri huuongeza uwezo wenyewe, tena hauongezi wakati wa kushusha gia pekee, bali katika kila kona, kila breki na kila mvua. Vivyo hivyo breki zilizokaguliwa, cheni iliyokazwa sawasawa, na oili iliyo sahihi. Haya yote kwa pamoja yaweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya klachi ile.

Kisha kuna helmeti. Uchunguzi wa Cochrane uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulikusanya matokeo ya tafiti nyingi za awali, ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendeshaji aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Sijui kifaa kingine cha pikipiki kinachoweza kujivunia hesabu kama hizo kwa bei hiyo. Hata hivyo, kila siku tunawaona vijana waliozipamba pikipiki zao kwa vifaa vya thamani huku helmeti ikining'inia kwenye usukani kama kikapu cha sokoni.

Ni muhimu pia kujua yale ambayo klachi hii haiwezi kuyafanya. Haiongezi nguvu ya injini. Haimzuii dereva kulifunga gurudumu kwa breki ya mguu. Haifanyi kazi ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasifungwe na breki. Kwa upande wake ABS hushughulikia breki, na kwa kawaida haiwezi kuizuia injini kuliburuza gurudumu. Ni vifaa viwili vya kazi mbili. Lakini mtu akiniuliza kipi kitangulie anapochagua pikipiki, nitajibu ABS bila kusita, kwa sababu kila dereva hufunga breki kwa dharura siku moja, ilhali si kila dereva hushusha gia kama yumo mashindanoni. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwaka 2016 kuilazimisha ABS kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125, na India ikafuata mwaka 2018. Klachi ya kujilegeza haikuwekewa sheria kama hiyo.

Haki hunilazimu kuzijibu pia hoja za upande wa pili. Wapo waendeshaji wa miaka mingi wanaosema kwamba kifaa hiki ni cha wavivu wasiojua kushusha gia. Hoja hiyo ina majivuno ndani yake. Hata fundi hodari huchoka, hushtushwa na ng'ombe barabarani, au huiachia klachi vibaya baridi inapoufanya mkono kuwa mzito. Kifaa kinachomsamehe binadamu udhaifu wake hakistahili kudharauliwa. Wengine nao huhofia kwamba klachi hii huiondoa kabisa breki ya injini, na kwamba mtu akiteremka bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, au akishuka kutoka Iten kwenda Tambach, atajikuta hana cha kumzuia. Hofu hiyo haina msingi. Klachi hujilegeza nguvu ya kinyume inapopita kiasi kilichowekwa. Katika mteremko mrefu, dereva akiwa ametulia katika gia moja inayofaa, kiasi hicho kwa kawaida hakifikiwi, na breki ya injini hubaki.

Kabla ya kufikiria kununua, kijana ajifunze kwanza kile ambacho kifaa hiki kilibuniwa kukisaidia. Ufundi wenyewe ni huu. Punguza mwendo kwa breki. Vuta klachi, shusha gia moja tu, na kabla ya kuiachia liva, ipe injini mafuta kidogo ili ipande kutoka ile 4,000 ya mfano wetu kuelekea 7,000. Kisha iachie liva taratibu. Injini na gurudumu zitakutana zikiwa na mwendo unaolingana, na hakutakuwa na deni la kulipwa na tairi. Anayetaka kujifunza haya aende uwanja mtupu au barabara isiyo na magari, aanze kwa mwendo mdogo, na arudie hadi mkono uzoee. Mwenye ustadi huu ataweza kupima mwenyewe iwapo bado anahitaji msaada wa vijilima vya chuma. Asiye nao, hata akinunua klachi hiyo, ataitumia kufunika pengo ambalo siku moja litafunuka akiwa juu ya pikipiki ya kuazima isiyo na kifaa hicho.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Katiba ya mwaka 2010 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo mwanafunzi wetu hufundishwa msuguano, mteremko na inesha kwa Kiingereza darasani, kisha hupanda bodaboda inayoendeshwa, kutengenezwa na kuzungumziwa kwa Kiswahili, asione uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Kijilima cha chuma ndani ya klachi ni mteremko ule ule wa kitabu cha fizikia. Sahani zinazobanana ni msuguano ule ule wa mtihani. Mwalimu wa fizikia anaweza kumwalika fundi wa karibu na shule aje na klachi kuukuu aifungue mezani, na mwalimu wa Kiswahili akawapa wanafunzi insha ya kueleza walichokiona, kila sehemu kwa jina linaloeleweka. Somo hilo halitahitaji maabara ya kifahari.

Manufaa yake hayataishia kwenye alama za mtihani. Kijana anayeweza kueleza kwa lugha yake mwenyewe jinsi chombo kinavyofanya kazi hawezi kuuziwa jina tupu. Atamuuliza mwenye duka maswali, na akijibiwa kwa mafumbo ataondoka na fedha zake mfukoni. Asiyeweza kueleza hununua kwa kuwa mwenzake amenunua. Leo ni klachi, kesho itakuwa dawa, mkopo, au kiwanja.

Kwa hivyo, kijana unayeweka akiba kwa ajili ya klachi ya kujilegeza, jiulize mambo matatu kabla ya kulipa. Je, gurudumu lako la nyuma limewahi kuburuzika kwa sababu ya kushusha gia, au umesikia tu kwamba huburuzika? Je, tairi, breki na helmeti yako ni za kuaminika? Je, umejifunza kushusha gia ukiipa injini mafuta kidogo? Ikiwa majibu yote matatu ni ndiyo, na bado mwendo wako unakidai kifaa hicho, basi kinunue. Ikiwa hata jibu moja ni la, anza na hilo.